Kifyatulio cha bunduki ya bolti: mara kinashika, mara hakishiki. Nikaze skrubu ipi?

Nyikani_07

Wakuu, habari. Nahitaji wanaozijua bunduki za bolti kwa ndani.

Bunduki ni ya kuwindia, ya risasi za .30-06. Kifyatulio ni cha aina ya boksi lenye skrubu tatu za kurekebishia, mbili mbele na moja nyuma. Sefti ni ya pembeni, nyuma ya mkono wa bolti, nafasi mbili. Imenunuliwa ikiwa imetumika, na ile gundi ya kiwandani kwenye vichwa vya skrubu imekwanguliwa, kwa hiyo bisibisi ya mtu imeshapita hapo.

Dalili ni hizi:

1. Bolti ikifungwa kwa kasi, mara nyingine haikoki, yaani pini ya kupigia haibaki nyuma tayari kufyatuliwa. Inaenda mbele pamoja na mkono wa bolti unaposhuka. Ikifungwa taratibu inashika.
2. Mara nyingine imekoki vizuri, mkia wa pini umetokeza nyuma ya bolti, sefti imeondolewa, lakini ulimi wa kifyatulio haubonyei kabisa. Ukiachia, ukashika upya na kuvuta tena, inafyatuka.
3. Uzito wa kuvuta haueleweki. Mara laini mno, mara mzito.

Ilipulizwa WD-40 ndani ya boksi. Siku mbili ikawa nafuu, kisha yote yakarudi. Swali langu: kati ya hizo skrubu tatu, nikaze ipi?

---

ChumaBaridi

Hakuna. Rudisha bisibisi kwenye boksi lake kwanza. Una dalili tatu na si lazima zitoke mahali pamoja. Ukianza kuzungusha skrubu sasa utaongeza la nne na hutajua lipi lilikuwa la asili.

Na mpaka dalili namba 1 iishe, bunduki hiyo haiwekwi risasi hai, hata moja, hata "ya kujaribu tu". Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya boksi kuna kipande kinaitwa sia. Hicho ndicho kinachouzuia mkia wa pini usiende mbele. Sia nayo imeegemea kipande kingine kilichoungana na ulimi unaovutwa na kidole. Mahali hivyo viwili vinapokutana, mshiko wake ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani: karibu milimita 0.4 hadi 0.5 kwenye bunduki ya kuwindia. Pini ikishuka sambamba na mkono wa bolti haina kasi, haiwashi fataki (kile kidonge cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi), unapata kimya. Umeponea hapo. Lakini hitilafu hiyohiyo inaweza kufanya sia ishike kwa ncha ya ukucha, bolti ikafungwa mpaka mwisho, halafu mtikisiko mdogo ukaiachia. Sasa pini ina nguvu zake zote na kidole chako hakipo popote karibu. Bunduki italia.

Kwa hiyo kwanza pima. Toa magazini, fungua bolti, angalia chemba kwa macho kisha ingiza kidole. Risasi zote zikae chumba kingine. Kama una risasi bandia, weka moja ili pini isipige hewa. Halafu fanya haya na uandike namba, usikadirie:

a) Funga bolti kwa kasi na nguvu ya kawaida ya mtu mwenye haraka, mara 30. Hesabu mara ngapi mkia wa pini ulienda mbele wenyewe.

b) Koki, weka sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu kabisa, achia. Sasa ondoa sefti bila kugusa ulimi. Pini isianguke. Fanya mara 20. Kipimo hiki watu wengi hukiruka, nami nakiweka juu ya vyote.

c) Koki, sefti imeondolewa. Pandisha mkono wa bolti hadi nusu, ushushe tena. Mara 20. Kisha gonga risiva (mwili wa chuma unaobeba bolti) kwa nyundo ya mpira, ubavu wa kushoto, wa kulia, na chini ya kitako. Si kwa hasira, ni kama unavyogonga kigingi kilichokwishaingia.

d) Chukua mizani ya kuning'inizia, ndoano ikae katikati ya mpindo wa ulimi, vuta sambamba na mtutu. Mara 10. Andika gramu.

Ukimaliza, ondoa mbao, yaani toa chuma chote kwenye kitako, kibane kwenye jiliwa lenye vipande vya mbao laini au ngozi, kisha rudia a, b na d. Tofauti kati ya majibu ya ndani ya mbao na nje ya mbao ndiyo itakayokuambia uelekee wapi.

---

SkrubuTatu

Naunga mkono hayo, na naongeza moja kuhusu WD-40. Nafuu ya siku mbili ni ushahidi wenyewe. Ile dawa inayeyusha uchafu wa zamani, vipande vinateleza, halafu kiyeyushi kinapaa na kubaki utando mwembamba unaonata, ukichanganyika na uliokuwepo. Kifyatulio kilichojaa mafuta ya miaka kinakuwa na kitu kama vanishi ya manjano au kahawia kwenye pini za egemeo. Springi ya kurudishia ulimi ni dhaifu kwa makusudi, haiwezi kupambana na gundi. Bolti ikirudi nyuma na kufungwa haraka, sia inatakiwa ipande na kile kipande cha chini kirudi chini yake ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Vikichelewa, pini inapita. Ndiyo maana ukifunga taratibu inashika: umevipa muda.

Baridi hufanya hali iwe mbaya zaidi kwa sababu mafuta huganda. Kama bunduki inasumbua asubuhi na kutulia mchana, jibu umeshalipata.

---

Kalibri

Mimi ningefungua boksi na kupiga sia jiwe la kunolea kidogo, grit 1000, kulainisha mkwaruzo. Kazi ya dakika kumi, na uzito utatulia.

---

ChumaBaridi

Kalibri, hapana, na nakataa waziwazi ili atakayesoma baadaye asichukue ushauri huo. Nyuso za sia kwa kawaida zimekomazwa juu tu. Ukomavu huo ni ngozi nyembamba na chini yake ni chuma laini. Jiwe likipenya ngozi hiyo, kifyatulio kitakuwa kitamu kwa risasi mia moja za kwanza, kisha ukingo utaanza kulika na kuwa mviringo, na mshiko utapungua wenyewe bila mtu kugusa skrubu. Halafu kuna pembe. Uso wa sia una pembe iliyopigiwa hesabu ili shinikizo la springi ya pini lisiusukume kuachia. Jiwe la mkononi likiupindua kwa digrii moja au mbili kuelekea upande mbaya, umetengeneza kifaa kinachotaka kufyatuka chenyewe.

Ukingo ukiwa umelika au una pengo, dawa ni kubadilisha boksi zima, si kunoa.

---

Nyikani_07

Nimepima. Chemba tupu, risasi bandia ndani.

Ndani ya mbao:
a) Mara 30, pini ilifuata bolti mara 4.
b) Mara 20, ilianguka mara 1 sefti ilipoondolewa.
c) Mkono wa bolti hauna shida. Nyundo ya mpira: ilianguka mara 2 nilipogonga chini ya kitako.
d) Gramu: 780, 940, 810, 1250, 690, 870, 1400, 760, 900, 820.

Dalili ya ulimi kukataa kubonyea ilijitokeza mara 5 katika mizunguko yote hiyo.

Nje ya mbao:
a) 3 kati ya 30.
b) 1 kati ya 20.
d) Karibu vilevile, kutoka 700 hadi 1350.

Ila ulimi kukataa: sifuri. Haikutokea hata mara moja.

---

MzeeWaBolti

Safi sana, namba hizi zinazungumza. Una hitilafu mbili tofauti zilizokaa ndani ya bunduki moja.

Ya kwanza iko kwenye mbao, na hiyo ndiyo dalili yako namba 2. Kitu kinagusa kitako. Kuna wahalifu watatu wa kawaida, nawataja kwa mpangilio ninaowashuku kwa bunduki yako.

Wenzo wa sefti. Ile sefti ya pembeni inapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye mbao. Mbao ikivimba kwa unyevu, au skrubu za risiva zikikazwa kupita kiasi hadi chuma kizame kidogo, mkono wa sefti unagota kwenye ukingo wa mfereji milimita moja kabla ya kufika mwisho. Jicho linaona iko mbele, lakini ndani bado imezuia kifyatulio. Unapoachia na kushika upya, kidole gumba au mtikisiko unaimalizia safari, na mvuto wa pili unakubali. Maelezo yako yanafanana na hili moja kwa moja.

Ulimi wenyewe kusugua kwenye tundu la kikingo cha kifyatulio. Chukua kipande cha karatasi ya kawaida ya kuandikia, kipitishe pande zote mbili za ulimi bunduki ikiwa imefungwa kamili. Kisikwame popote.

Boksi kugusa sakafu au kuta za shimo lake kwenye mbao. Tafuta mahali palipong'aa kwenye chuma, au penye alama nyeusi kwenye mbao. Kama huoni, paka masizi ya mshumaa kwenye boksi na mkono wa sefti, funga bunduki, cheza sefti mara kumi, fungua. Masizi yataonyesha yalipohamia.

Ukishapaona, ondoa mbao kidogo kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti mpaka pawepo nafasi ya milimita 1 hivi pande zote, kisha paka vanishi sehemu iliyobaki uchi. Ukiiacha hivyo itanyonya unyevu na kuvimba tena. Usiguse kabisa sehemu ambazo risiva inakalia, hasa nyuma ya kigingi cha kupokea mateke. Hizo zikiharibika utakuwa na bunduki isiyolenga, ambayo ni mada nyingine.

Wakati wa kufunga, skrubu za risiva kwenye mbao tupu zinatosha kwa newton-mita 4 hadi 4.5. Newton-mita 7 ni za vitako vyenye nguzo za alumini au fremu ya chuma ndani. Kwa mbao tupu, mkono wenye nguvu na bisibisi ndefu huponda nyuzi za mbao, na mfereji wa sefti unashuka nao. Na angalia urefu: skrubu ya mbele ikiwa ndefu kuliko ilivyopasa, ncha yake inaweza kugusa bolti na kuifanya ifunge kwa shida.

Ya pili iko ndani ya boksi: dalili 1 na 3, pamoja na ile moja kati ya 20 ya sefti. Tofauti ya gramu 690 hadi 1400 ni kubwa mno. Kifyatulio kisicho na hitilafu hutofautiana kwa gramu mia moja hivi, pengine mia na nusu. Hiyo ni msuguano, kwa hiyo safisha kabla ya yote. Lakini hata baada ya kusafisha nategemea utakuta kimelegezwa mno, kwa sababu wastani wako uko chini ya kilo moja. Bunduki ya kuwindia, inayobebwa na kushikwa kwa vidole vya baridi au vyenye glovu, inapaswa kuwa kati ya kilo 1.3 na 1.8. Chini ya hapo ni vifyatulio vya kulengea shabaha juu ya meza.

---

SkrubuTatu

Usafishaji basi. Boksi la aina hii hushikiliwa na pini mbili zinazopita kwenye risiva. Si lazima ulitoe, na kama hujawahi, usilitoe: kuna springi ndogo ya kizuizi cha bolti na kigololi cha sefti ambavyo hupenda kuruka na kupotea. Liache mahali pake, bolti ikiwa imetolewa na chuma kikiwa nje ya mbao.

Tumia petroli safi ya viberiti vya kujaza. Inaosha, inakauka bila kuacha kitu, na haiharibu rangi kirahisi. Spreyi ya kusafisha breki ni kali zaidi na inafanya kazi haraka, lakini inakula plastiki na rangi ya mbao, kwa hiyo mbao iwe mbali kabisa. Zote mbili zinawaka moto: nje, hewani, hakuna sigara, hakuna jiko.

Elekeza chuma ili uchafu utoke chini na usielekee kwenye njia ya bolti. Mimina kutoka juu, kwenye nafasi ya sia, karibu mililita 20. Cheza ulimi na sefti mara kama thelathini huku maji yale yakipita. Utaona rangi ya chai ikitoka. Rudia mpaka kinachodondoka kiwe cheupe, mara tatu au nne. Puliza kwa hewa ya kopo au kompresa ya shinikizo dogo, kisha acha saa mbili.

Kisha usipake mafuta. Hapo ndipo kazi yote huharibiwa. Boksi la kifyatulio hukaa kavu. Ukiishi kwenye unyevu na unaogopa kutu, tumia kilainishi kikavu cha aina ya grafaiti au moli (molibdeni), kiasi cha kufunika ncha ya sindano kwenye egemeo, basi.

Safisha pia uso wa mkia wa pini, pale unapogusana na sia, na angalia kwa kioo cha kukuzia. Ukingo uwe mnyoofu, usio na pengo wala mng'ao wa mviringo.

---

Porini_Kimya

Naomba kuchomekea. Yangu ni ya mtindo wa Mauser 98, haina boksi wala skrubu tatu, sefti iko nyuma ya bolti. Haya yote yanahusu?

---

MzeeWaBolti

Kanuni ni ileile, mahali ndipo tofauti. Kwenye Mauser ya kijeshi sia ni mkono mkubwa chini ya risiva, unaukamata mkia wa pini moja kwa moja, na kifyatulio kina hatua mbili: mwendo mrefu mwepesi, kisha ukuta. Mshiko wake ni mpana, kwa hiyo husumbua mara chache. Kinachoharibika ni springi kati ya sia na ulimi, au grisi iliyoganda kwenye egemeo la sia.

Jambo la kuangalia ni sefti. Ikigeuzwa, inauvuta mkia wa pini nyuma kidogo na kuuondoa kwenye sia. Sia ikiwa imeshuka kwa sababu mtu alivuta kifyatulio sefti ikiwa imefungwa, na haikupanda tena, basi ukifungua sefti pini inaanguka. Mara nyingi hutokea pale kifyatulio cha kisasa kilipowekwa bila kulinganisha urefu wa sia na mkia wa pini. Fanya kile kipimo b cha ChumaBaridi, mara 20, hakikupiti.

---

Nyikani_07

Majibu baada ya kusafisha. Maji ya kwanza yalitoka meusi kabisa, ya tano yakawa meupe.

Nje ya mbao: a) 1 kati ya 50. b) 0 kati ya 30. d) 720 hadi 810, zote kumi. Kugonga kwa nyundo ya mpira: bado ilianguka 1 kati ya 10.

Kwenye mbao, masizi yalihamia ukingo wa mbele wa mfereji wa sefti, kama mlivyosema.

---

ChumaBaridi

Angalia namba zako: uzito umetulia lakini umetulia mahali pa chini, na mshiko ni mdogo. Sasa ndiyo bisibisi inaruhusiwa.

Kwanza tambua skrubu. Kwenye maboksi mengi ya mtindo huu, ya nyuma ni ya mshiko wa sia. Ya mbele chini ni ya uzito, inakandamiza springi. Ya mbele juu ni ya mwendo wa ziada, yaani ulimi unasimama wapi baada ya kuachia. Nasema mengi, mtengenezaji wa kifyatulio chako akisema vinginevyo kwenye karatasi yake, fuata yeye. Chora alama ya kalamu kwenye kichwa cha kila skrubu na kwenye boksi, uweze kurudi ulikotoka.

Mpangilio una maana. Ukianza na mshiko huku springi imelegea, utadanganyika.

Uzito: kaza robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukipima, mpaka upate karibu gramu 1400.

Mwendo wa ziada: legeza mzunguko mmoja kamili kwa muda, ili usiingilie hatua inayofuata.

Mshiko: koki na usiguse ulimi. Kaza skrubu ya nyuma pole sana mpaka pini ianguke yenyewe. Hapo mshiko ni sifuri. Legeza robo tatu ya mzunguko kama mwanzo. Kama boksi lina kitundu ubavuni, tazama kwa tochi na kioo: unatafuta ule upana wa milimita 0.4 hadi 0.5. Ukihisi mkwaruzo wa mwendo kabla ya kuachia, uvumilie. Mkwaruzo kidogo kwenye bunduki ya kuwindia si kasoro, ni bima yako. Wanaotafuta kifyatulio kiachie ghafla kama kioo kinavyovunjika ndio hupunguza mshiko mpaka pini inaanza kufuata bolti.

Mwendo wa ziada tena: koki, kaza skrubu ya juu taratibu huku ukivuta ulimi kila mara, mpaka ukatae kuachia. Legeza mpaka uachie, kisha legeza nusu mzunguko zaidi. Watu hubania hii sana ili ulimi usiyumbe. Ikibanwa mno, sia inasugua kipande cha chini wakati inashuka, pini inapoteza kasi, na unapata alama dhaifu kwenye fataki ambazo kila mtu atazilaumu risasi.

Rudia a, b, c na d zote. Kwa a nataka 0 kati ya 100, si 0 kati ya 30. Ikianguka hata mara moja baada ya marekebisho haya, tatizo ni uchakavu: ukingo wa sia, mashimo ya pini za egemeo yaliyopanuka, au springi ya kurudishia iliyochoka. Hapo boksi linatoka na linaingia jipya, kwa mkono wa fundi bunduki mwenye leseni.

---

Nyikani_07

Nimefuata mpangilio huo. a) 0 kati ya 100. b) 0 kati ya 50. c) 0, pamoja na nyundo. d) 1380 hadi 1450. Mfereji wa sefti umepanuliwa, umepakwa vanishi, na ndani ya mbao majibu ni yaleyale. Ulimi haujakataa tena.

Mbili za mwisho. Skrubu nizizuie kwa gundi gani zisitembee? Na hatua ya kwanza ya risasi hai iweje?

---

SkrubuTatu

Rangi ya kucha, tone moja kwenye kichwa cha skrubu na ukingo wa boksi, kwa ncha ya kijiti cha meno. Chuma kikiwa kimelala ili tone lisitiririke ndani. Inashika vya kutosha, inabanduka ukitaka, na ikipasuka unajua skrubu imetembea. Gundi nyembamba za kuzuia nyuzi za skrubu usizitumie hapa, zinapenya kwa kujivuta zenyewe hadi kwenye egemeo.

Hili si la kubuni. Aprili 2014 kampuni ya Remington iliagiza zirudishwe bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya tarehe 1 Mei 2006 na 9 Aprili 2014, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha kifyatulio ingeweza kufanya bunduki ifyatuke yenyewe. Mwenye bunduki ya kundi hilo asijirekebishie, hilo ni la kurudishwa.

---

MzeeWaBolti

Kuhusu risasi hai: kwenye uwanja wa kulengea, mtutu kwenye kinga ya udongo, risasi moja moja kwenye chemba, magazini tupu. Kumi za hivyo. Kila mara funga bolti kwa kasi ileile ya kipimo a, kidole kikiwa nje ya kikingo, subiri sekunde tano, ndipo uvute. Risasi ikigoma, usifungue: hesabu sekunde 60 mtutu ukiwa palepale, kisha fungua uso ukiwa pembeni.

Tazama kila ganda. Alama kwenye fataki iwe katikati na ya kina kimoja kwa zote kumi. Zikiwa za kina tofauti, na mwendo wa ziada haukubanwa mno, kifyatulio kimeshaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Fungua bolti na usafishe grisi kwenye springi ya pini, kisha pima pini inatokeza kiasi gani kwenye uso wa bolti. Nyingi huwa kati ya milimita 1.0 na 1.5. Angalia pia kama mkono wa bolti unaruka juu kidogo pini inapopiga: hiyo ina maana bolti haikufungwa hadi mwisho, na sehemu ya nguvu ya pini imetumika kuusukuma mkono badala ya kupiga fataki. Mara nyingi ni mchanga nyuma ya meno ya kufungia ya bolti, au risasi ndefu kuliko chemba.

Baada ya kumi, ondoa magazini, kagua chemba, na urudie kipimo b palepale kabla chuma hakijapoa.